Naomba ushauri: El Niño kwa sisi wa msimu mmoja wa mvua ikoje?

Habari zenu wakuu. Nalima korosho na ufuta huku Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Redio ikitaja El Niño tu, yaani lile joto la Bahari ya Pasifiki, kijiji kizima kinawaza mafuriko. Mimi nina mashaka. Ninavyoelewa, El Niño huongeza zaidi mvua za vuli kule kaskazini, kama 1997, huku Zambia na Zimbabwe mara nyingi zikikauka. Sisi wa mvua za Novemba hadi Aprili tuko katikati, hatujui tunavutwa upande gani.

Tena kuna Bahari ya Hindi yenyewe. Mwishoni mwa 2019 upande wetu ulipata joto kuliko ule wa Indonesia, bila El Niño ya maana, na Januari 2020 Kilwa ikafurika.

Kinachoniumiza kichwa ni korosho. Mvua ya mapema ikizikuta zimelala chini ya mti, ganda linaingia weusi na daraja linashuka. Vibarua wa kuokota niwaweke mapema, gharama ipande? Na kupanda ufuta nisubiri Februari? Mliowahi kuulinganisha utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) na mashamba yenu ya kusini, mnaangalia nini kwanza: Pasifiki au bahari yetu hii?