Faili la mipangilio linageukaje kuwa programu nyingine?

Swali
Wadau, naomba mawazo yenu. Mfumo wetu ulianza na faili moja la mipangilio lenye mistari 12. Miaka sita baadaye tuna mafaili 40 ya YAML (muundo wa maandishi unaopanga data kwa nafasi za mwanzo wa mstari), violezo vinavyoyazalisha, na skripti inayochagua kiolezo kipi kitumike kwenye seva ipi. Wiki iliyopita tulimaliza siku nzima tukitafuta kwa nini thamani moja haibadiliki, kumbe ilikuwa ikifunikwa na faili la nne ambalo hakuna aliyelikumbuka. Tulipotelea wapi?

Jibu la 1
Aghalabu chanzo ni uamuzi ulioahirishwa. Watengenezaji wakishindwa kukubaliana kama mfumo usubiri sekunde 5 au 30, huongeza kipengele kwenye mipangilio, na mzigo wa kuamua unamwangukia mtumiaji, ambaye analielewa suala hilo kidogo kuliko wao. Baada ya hapo hakifutwi tena, kwa kuwa hakuna anayeweza kuapa kwamba hakitumiki. Vipengele 10 tu vya ndiyo au hapana vinazaa michanganyiko 1,024. Nani ataijaribu yote?

Jibu la 2
Naafiki, ila kuna hatua ya pili iliyo mbaya zaidi. Mipangilio ikishakuwa mingi, watu hudai vigeu, kisha masharti, kisha vitanzi, hadi faili linakuwa lugha ya programu isiyo na zana za lugha. Faili la sendmail.cf, la mipangilio ya programu ya barua pepe ya Sendmail, lilikuwa gumu kiasi kwamba wasimamizi walilizalisha kwa makro (vifupisho vinavyopanuliwa kuwa maandishi marefu) za zana iitwayo m4. Leo Helm, zana ya kusakinisha programu kwenye makundi ya seva, huzalisha YAML kwa violezo vya maandishi, na mtu analazimika kuhesabu nafasi za mwanzo wa mstari mmoja mmoja. YAML 1.1 yenyewe husoma NO, kifupi cha Norwei, kuwa "si kweli" kisipowekwa ndani ya alama za kunukuu.

Jibu la 3
Sisi tulianza kwa kufuta. Tulirekodi kwenye logi kila kipengele kinaposomwa; visivyosomwa kwa miezi mitatu tuliviondoa, na vyenye thamani ileile katika seva zote tukaviingiza ndani ya msimbo. Masharti tuliyahamishia kwenye lugha ya programu ya Python, ambako angalau tunaweza kuyaandikia majaribio.

Futeni pia msimbo uliokuwa ukitegemea kipengele hicho, wala msilitumie jina lake kwa kazi mpya. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, ilitumia upya swichi ya zamani (kipengele cha kuwasha au kuzima kazi fulani) wakati seva moja kati ya 8 ilikuwa bado na msimbo wa kale, na kwa takriban dakika 45 ikapoteza zaidi ya dola milioni 400.