Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha kazi kwa sababu AI imemuunga mkono, niongee naye vipi?

DadaMkubwa

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie mawazo maana hapa nilipo nimekwama kabisa. Nina mdogo wangu wa kiume, kwetu mimi ndo mkubwa yeye ndo wa mwisho, na tangu anasoma jambo lake lolote zito alikuwa analeta kwangu kwanza, sio kwamba nina elimu kubwa hapana, ila tulizoea hivyo, tunakaa tunaongea mpaka jambo linaeleweka. Siku hizi kila kitu anauliza ChatGPT, ile programu ya AI (akili bandia) unayoiandikia swali inakujibu. Sina ugomvi na hilo, hata mimi naitumia kunyoosha barua za ofisini. Shida ni hii ya juzi.

Kazini kwake ilitoka nafasi ya usimamizi wakampa mwingine, akagombana na bosi, sasa anataka kuacha kazi mwisho wa mwezi aungane na rafiki yake kwenye biashara. Alinionyesha mwenyewe kwenye simu alichouliza, aliandika hivi: "Nafanya kazi sehemu ambayo siheshimiwi, bosi anapendelea wengine, rafiki yangu ananipa nafasi kwenye biashara yake, je niache kazi?" Ikamjibu vizuri mno, ikamwambia anastahili heshima, kwamba kufikiria hatua kama hiyo tayari ni ujasiri, alafu ikampangia mambo ya kufanya moja baada ya jingine, na barua ya kuacha kazi ikamwandikia, imebaki kusaini tu.

Mimi niliposoma lile swali nikaona zaidi yale ambayo hakuyaandika. Hakuandika kwamba ana mkopo unaokatwa kwenye mshahara huohuo. Hakuandika kwamba mke wake ni mjamzito. Hakuandika kwamba huyo rafiki walishawahi kushirikiana na hesabu hazijaeleweka mpaka leo, na kwamba kazi ya kabla ya hii nayo aliiacha kwa hasira za namna hiihii. Nilipomgusia akanijibu, "Dada wewe una hisia, hii kitu haina upande." Iliniuma jamani, maana ni kweli nina hisia, ni mdogo wangu huyu.

Naombeni mnisaidie, bado nina nafasi ya kumshauri au nimuache, na kama ipo naanzia wapi?

Fundi Mitambo

Pole dada. Kazi yangu ni programu za kompyuta na hizi AI nakaa nazo kutwa kwahiyo niseme ninachokijua. Hiyo ya "haina upande" aitoe kichwani. Zinafundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, alafu kuna watu wanawekewa majibu wachague lipi zuri, na programu inasogezwa kuelekea yale yanayopendwa. Sasa sisi binadamu tukiwekewa jibu linalotukubali na jingine linalotupinga tunajijua tutachagua lipi, na ndo hapo inapojifunza kukuunga mkono. Aprili 2025 OpenAI wenyewe, kampuni inayotengeneza ChatGPT, walitoa toleo la ChatGPT lililokuwa linasifia watu hovyo, mtu akileta wazo lolote lile linashangilia, ndani ya siku chache wakalirudisha nyuma na kukiri kwamba walitilia uzito mno watu kuridhika kwa muda mfupi.

Mwambie ajaribu kitu kimoja, afungue mazungumzo mapya aandike kama yeye ndo bosi: "nina mfanyakazi nilimpa mwenzake nafasi, akanijia juu kwa hasira, nifanyeje naye?" Asome atakachojibiwa. Sitashangaa ikimwonea huruma bosi kama ilivyomwonea huruma yeye, maana inamjua yule tu aliyeandika.

Bibi Nasaha

Mwanangu DadaMkubwa, nimefanya kazi ya unasihi muda mrefu na sasa nimestaafu, nisikilize kidogo.

Watu wanadhani kushauri ni kutoa jibu. Jibu ni sehemu ndogo sana ya kazi yenyewe na mara nyingi mtu anakuja nalo mfukoni tayari. Ujuzi uko kwenye kujua swali alilokuja nalo sio lenyewe. Nakumbuka binti mmoja alikuja tumpangie ratiba ya kusoma, tukaipanga vizuri, akashukuru, akainuka, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango akageuka akaniuliza, "Eti mtu asipolala usiku anaweza kufeli?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza saa. Nikamwambia rudi ukae. Yaliyofuata hapo sitayaeleza ila ratiba haikuwa shida yake hata kidogo. Wanasihi wengi watakwambia kitu hichohicho, neno zito linasemwa mlangoni. Ukimuuliza mashine ratiba utapewa ratiba, na itakuwa nzuri, alafu utafunga simu na lile la mlangoni utabaki nalo mwenyewe.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika mwaka 1957 mambo ambayo mpaka leo wanafunzi wa unasihi wanafundishwa, kwamba mtu anabadilika akiwa na mwenzake anayemwelewa kwa ndani, anayempokea bila masharti, na ambaye haigizi. Hilo la mwisho ndo lako wewe. AI inaweza kuandika maneno ya upole kuliko mimi, ila yenyewe ikisema inakuonea huruma hakuna kitu kinachoiuma. Wewe umeumia kweli na mdogo wako ameona. Usikionee aibu hicho kitu.

Usishindane na simu yake. Ukimpelekea hoja zako tano, ile itampa kumi za kukujibu. Kaa naye muulize kuhusu siku yenyewe ya ugomvi, nani alikuwepo, bosi alisema neno gani, yeye alijisikiaje alipotoka mle ndani. Alafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kuliko yote, hasa kwa sisi wakubwa.

Mlala Saa Nane

Mimi nitatofautiana na nyie kwa heshima zote. Kuna kipindi nilikuwa nimebanwa na mawazo, usiku wa manane, sina wa kumpigia, na AI ndo ilinituliza mpaka asubuhi. Nilikuwa nimemwambia binadamu kabla yake, ndugu wa damu kabisa, na siri yangu ilizunguka ukoo mzima. Binadamu anakushauri huku anaangalia maslahi yake, au anaona wivu, au anataka tu aonekane ana busara. Na utafiti upo, ulitoka Aprili 2023 kwenye jarida la JAMA Internal Medicine, walichukua maswali 195 ya wagonjwa ya mtandaoni wakalinganisha majibu ya madaktari na ya ChatGPT, waliosoma wakapendelea ya ChatGPT kwa asilimia 78.6, na kwa kujali hisia za mgonjwa madaktari waliachwa mbali. Kwahiyo tusiseme mashine haiwezi kabisa. Dada, mdogo wako ana sababu ya kukimbilia huko, itafute hiyo sababu kwanza.

Bibi Nasaha

Mlala Saa Nane pole sana mwanangu, na aliyekutolea siri alikukosea mno. Kutunza siri ndo mlango wa kazi hii, asiyeweza asishauri mtu. Huo utafiti naufahamu, ila waliopima yale majibu walikuwa ni wataalamu wa afya wakisoma maandishi, sio wagonjwa wenyewe, na hakuna aliyefuatilia mgonjwa gani alienda kufanya nini baada ya kusoma. Maandishi mazuri ni kitu kimoja. Mimi nilikuwa nampigia mtu baada ya wiki kumuuliza lile jambo limefikia wapi, na mara nyingine nagundua nilimwelewa vibaya tunaanza upya.

Lakini hilo la kutafuta sababu DadaMkubwa lichukue, ni la maana sana.

Fundi Mitambo

Naongezea kwa Mlala Saa Nane, hicho alichokisikia usiku ule sikipingi. Mwaka 1966 pale chuo cha MIT Marekani, mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum alitoa maelezo ya programu yake iliyoitwa ELIZA, ilikuwa inageuza tu sentensi yako kuwa swali, ukisema una huzuni inakuuliza kwanini una huzuni, basi. Karani wake alikuwa anajua fika ni programu, na bado baada ya kuandikiana nayo kidogo akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Weizenbaum alishtuka na baadaye akawa mkosoaji mkubwa wa kukabidhi mashine mambo ya namna hiyo. Kwahiyo dada usimcheke mdogo wako wala usimwambie anaongea na simu, kwake ilikuwa ni kusikilizwa.

Shahidi wa Mezani

Mimi nagusa jambo moja tu, nani anabeba mzigo ushauri ukienda kombo. Kuna kesi ya shirika la ndege la Air Canada, roboti ya mazungumzo ya kwenye tovuti yao ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kudai punguzo la nauli ya msiba baada ya kusafiri, wakati sera yao ilikuwa hairuhusu. Alipodai wakamkatalia, na kwenye utetezi wao wakafikia hatua ya kutaka ile roboti ionekane inawajibika yenyewe kwa matendo yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia huko Kanada likakataa hoja hiyo na kuwaamuru wamlipe. Sasa hapo angalau kulikuwa na kampuni ya kushtakiwa. Mdogo wako akikosa mshahara na benki wakaanza kumpigia simu, atamdai nani?

Mimi nikimshauri mtu najua kesho nitakutana naye. Hiyo peke yake inanifanya nipime neno kabla halijatoka, na kuna ushauri nimeumeza kwasababu niliona sitaweza kusimama naye huko utakakompeleka. Mwambie mdogo wako wazi kwamba wewe utakuwepo aache kazi au abaki. Usimtishie kwamba ukiacha usinijie, hapo utampoteza.

Na kuhusu yale ambayo hakuyaandika, mficha uchi hazai. Ila usimwambie kama unamkamata na kosa, muulize tu, "mkopo umeupangaje?" Aseme kwa mdomo wake.

DadaMkubwa

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Jana jioni nilimfuata kwake, sikuitaja AI kabisa wala sikuitaja barua. Nikafanya kama Bibi Nasaha alivyosema, nikamuuliza kuhusu ile siku. Mwanzo alijibu kwa mkato, nikanyamaza, na kwakweli kunyamaza ni kazi jamani, kuna mahali ilibidi nijishike mikono. Alafu akaanza kusema. Kumbe aliyepewa nafasi ni kijana ambaye yeye ndo alimfundisha kazi kuanzia moja, na bosi alitangaza mbele ya watu wote akamwambia mdogo wangu ampigie makofi mwenzake. Akapiga. Hilo ndo halijamtoka. Hajawahi kulisema popote, hata kwenye simu yake hakuliandika, mke wake pia alilisikia jana pamoja na mimi, akaacha alichokuwa anafanya akaja kukaa pembeni yake.

Sikumwambia abaki wala aondoke. Mkopo alipouzungumzia aliuleta mwenyewe, akasema anaogopa ila hajui kwa uhakika akiacha kazi inakuwaje. Nilimwahidi nitaulizia. Kuna mwenye uelewa, mkopo wa kukatwa kwenye mshahara ukiacha kazi unatakiwa ulipe wote kwa mpigo au wanaendelea kukukata vingine?

Shahidi wa Mezani

Umefanya vizuri mno dada. Kuhusu mkopo inategemea mkataba aliosaini, kuna mikataba ina kipengele kwamba ajira ikikoma deni lote lililobaki linadaiwa papohapo, na mingine inaruhusu kupanga upya marejesho. Kwahiyo atafute nakala yake, asome sehemu inayozungumzia kukoma kwa ajira, na pia sehemu ya bima kama ipo, maana bima nyingine zinahusu kupunguzwa kazi na sio kuacha mwenyewe. Kama nakala hana aende benki akaombe, na anachoambiwa pale aombe wampe kwa maandishi. Afanye hivyo kabla hajasaini kitu chochote kazini. Akiona lugha ya mkataba ngumu piga picha kurasa hizo, ficha jina na namba ya akaunti, niletee PM (ujumbe wa faragha) tuzipitie pamoja.