Kijana wa miaka 17: mbio au baiskeli? Kipaji kinapimwaje?

Filimbi: Wakuu, nina vijana wawili wa miaka 17. Mmoja kakimbia kilomita 10 kwa dakika 38 baada ya wiki tatu tu za mazoezi. Mwenzake yuko mwaka wa pili wa mazoezi, ana dakika 37. Nafasi ya kambi ni moja. Kipaji kiko wapi? Na baiskeli je?

Kiatu Chepesi: Mkuu, usiamue kwa muda wa leo. Kuna anachoanza nacho mtu, na kuna jinsi mwili wake unavyopokea mazoezi. Utafiti wa HERITAGE wa Marekani na Kanada uliwapa watu ratiba ileile ya baiskeli kwa wiki 20: wengine waliongeza zaidi ya lita 1 ya oksijeni ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika, wengine karibu hawakuongeza kitu. Wape wote ratiba moja, uwapime mita 3,000 wiki ya 1, ya 6 na ya 12, uwanja uleule, saa ileile. Huyo mgeni atapunguza muda haraka mwanzoni, kila mgeni hupunguza. Macho yako yawe kwenye wiki ya 6 hadi ya 12.

Mama Riadha: Na usimharakishe! Pumzi huongezeka ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano hudai miezi. Hapo ndipo muundi huanza kuuma, na kipaji kinaishia kwenye benchi. Siku nyingi akimbie huku anaweza kuongea. Kasi mara mbili kwa wiki inatosha: dakika 1 mbio, dakika 1 taratibu, mara 10 kwa kuanzia. Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Saa 2:01:09 za marathoni ya Berlin zilikuja 2022.

Filimbi: Asante dada. Kwenye baiskeli kifaa cha kupima wati, yaani nguvu ya kukanyaga, sina.

Mnyororo: Tafuta mlima wa dakika 15 hadi 20, siku isiyo na upepo, baiskeli moja kwa wote wawili, matairi yajazwe upepo sawa. Kabla ya hapo rekebisha kiti cha kila mmoja: pedali ikiwa chini kabisa na kisigino juu yake, goti linyooke. Akikanyaga kwa mbele ya wayo litabaki limepinda kidogo. Kiti kikiwa chini, mapaja huchoka mapema, utamwacha mwenye nguvu ukidhani hana. Halafu mlima hupima mapafu na miguu tu. Kukaa sentimita 30 nyuma ya gurudumu la mwenzake bila kushika breki kila saa, hilo hufundishwa, tena kwa miezi.