Acheni kumaunti kwa mkono halafu mnaondoka bila kugusa BPXPRMxx!

Wakuu, ndiyo natoka kazini, sijalala tangu jana, na hasira imenijaa hadi hapa kooni.

Kwa wasioijua meinfremu: kwenye z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta hizo kubwa za IBM, upande wa Unix ni mti mmoja wa saraka wenye mzizi mmoja, lakini matawi yake hayakai kwenye dataseti moja, yaani hifadhi moja ya data kwenye diski. /etc ina yake, /var ina yake, /u ina yake, na kila moja inamauntiwa, yaani inaunganishwa, juu ya saraka. Saraka ni pa kushikizia tu. Dataseti isipokuja, saraka bado ipo palepale, tupu. Mashine ikiwashwa upya, yaani IPL, inasoma BPXPRMxx, orodha ya mipangilio iliyo kwenye maktaba ya PARMLIB, na kumaunti yaliyoandikwa humo, basi.

Sasa sikieni. z/OS 2.4 ndiyo toleo la mwisho kukubali HFS, aina ya zamani ya mfumo wa faili, hivyo na sisi tukalazimika kuhamia zFS, aina mpya. Mwenzetu akahamisha data ya malipo, dataseti akaipa jina jipya, akaimaunti kwa mkono kwenye /var/malipo. Ikakubali, akaenda zake. BPXPRMxx ikabaki na jina la zamani. Miezi mitano baadaye dataseti ya zamani ikafutwa.

Jana usiku tukapiga IPL. Mfumo ukalitafuta lile jina, haukuliona, ukaandika kosa kwenye logi na kuendelea kuwaka. Saa saba usiku programu ya malipo ikaanza, ikakuta saraka ipo, ikaandika humo bila kulalamika. Kumbe inaijaza /var yenyewe! Saa kumi na moja alfajiri napiga df -k kuangalia nafasi ya diski, /var imejaa pomoni na kila kinachoitegemea kimekwama.

Kilichonimaliza ni hiki. Jamaa yuleyule, bila kumuuliza mtu, akaimaunti dataseti mpya juu ya saraka ambayo sasa ina faili. Kazi yote ya usiku ikafunikwa. Simu zikaanza: data ya malipo imepotea! Haikupotea, ilikuwa chini ya maunti. Tukasimamisha programu, tukaondoa maunti, nikahamisha faili moja moja, ndipo tukamaunti upya. Masaa matatu wateja wanasubiri hela zao.

Na kinga ipo! NONEMPTYMOUNTPT(DENY) kwenye BPXPRMxx inakataa kumaunti juu ya saraka yenye vitu. Saraka ya kushikizia ukiipa chmod 000, yaani ukiifungia ruhusa zote, kabla ya kumaunti, programu isiyo na UID 0 (mamlaka ya juu kabisa) inagonga ukuta hapohapo, na wewe unajua mapema. Nimeyaomba haya tangu mwaka jana. Naambiwa mfumo unafanya kazi, usiuguse.

Mlio kwenye z/OS, nyie kabla ya IPL kuna anayelinganisha D OMVS,F (amri ya kuonyesha yaliyomauntiwa sasa) na BPXPRMxx mstari kwa mstari? Kwenu ni kazi ya nani? Nataka niende na jibu kwenye kikao cha kesho asubuhi.