Tupeane uzoefu: Mliishije na mbwa aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa?

Mwenye Bosi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Leo ni siku ya 19 tangu mbwa wangu Bosi akatwe mguu wa mbele wa kushoto. Ana miaka 8, ni mbwa wa umbo kubwa, na siku ya upasuaji mizani ilisoma kilo 46. Mambo yalianza kwa kuchechemea tu. Nilidhani ameteguka katika mbio zake za kila siku, nikampumzisha, akapata ahueni ya siku chache, kisha kuchechemea kukarudi, na safari hii juu kidogo ya kifundo palikuwa na uvimbe mgumu ambao hakutaka hata kivuli cha mkono wangu kiukaribie. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa ulioliwa kama ubao ulioingiwa na mchwa. Kipande kidogo cha mfupa kilipelekwa maabara na jibu likarudi: osteosakoma.

Daktari alinieleza bila haraka. Alisema hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazoanzia kwenye mifupa ya mbwa, kwamba huwapata zaidi mbwa wa maumbo makubwa, na kwamba kwenye miguu ya mbele hupenda sehemu zilizo mbali na kiwiko, ilhali kwenye miguu ya nyuma hupenda zilizo karibu na goti. Kisha akasema neno ambalo ndilo linaloninyima usingizi: kufikia wakati uvimbe unapoonekana, kwa mbwa wapatao 9 kati ya 10 chembe za saratani huwa zimekwisha kusafiri kwa njia ya damu, aghalabu kuelekea mapafuni, hata kama picha ya kifua haionyeshi kitu. Picha ya kifua cha Bosi ilikuwa safi. Niliposhangilia, daktari alinyamaza kidogo, na kimya kile nilikielewa.

Kwa hiyo mguu uliondolewa, pamoja na mfupa wote wa bega, kwa sababu ya maumivu. Hakuna aliyeniahidi kwamba saratani nayo imeondoka. Nyuzi zimetolewa wiki iliyopita. Bosi mwenyewe anarukaruka kwa miguu 3 kana kwamba alizaliwa hivyo, lakini mimi kila akikohoa moyo unanienda mbio. Na kuna jambo moja linalonikata maini. Alizoea kunisalimu kwa kunipa mguu wa kushoto. Hadi leo nikiketi mbele yake naona misuli ya ubavu ule ikicheza chini ya ngozi iliyonyolewa, kisha anayumba na kuangukia kidevu.

Siombi tiba, maana daktari ninaye. Nawauliza mliopita njia hii: mliishije siku zile za katikati, kidonda kikiwa kimepona na yale yanayoogopwa yakiwa bado hayajafika?

Mama Tomi

Pole sana, ndugu yangu. Tomi wetu alikatwa mguu wa nyuma wa kulia, uvimbe ukiwa juu kidogo ya goti, na alikaa nasi miezi 14 baada ya hapo, kwa hiyo nina ya kusimulia.

Wiki mbili za kwanza zilinitoa jasho. Usiku wa pili alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikaamini nimemfanyia unyama; kumbe sehemu ya kilio kile ilitokana na dawa kali za maumivu, ambazo huweza kumchanganya mbwa akili, na zilipobadilishwa alilala. Baada ya mwezi mmoja hivi kukazuka jingine. Alikuwa akishtuka ghafla, anapiga ukelele mmoja, kisha anageuka kutazama pale palipokuwa na mguu. Mshono ulikuwa umepona kabisa. Daktari alisema mishipa ya fahamu iliyokatwa inaweza kuendelea kupeleka ubongoni habari za mguu usiokuwepo, akamwandikia gabapentini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa hiyo, na baada ya siku chache ukelele ukakoma. Nayataja haya kwa sababu wengi huyachukulia kuwa ni deko au ukorofi. Na tafadhali, mtu asimpe mbwa wake vidonge vya maumivu vya binadamu kwa kumhurumia, kwani ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumuua.

Nyumbani adui alikuwa sakafu. Mbwa wa miguu 3 akiteleza hana mguu wa akiba wa kujizuia. Nilitandika vipande vya zulia vyenye mpira upande wa chini, kimoja baada ya kingine, kutoka alipolala hadi kwenye bakuli la maji na kutoka hapo hadi mlangoni, na Tomi akajifunza kufuata njia hiyo bila kufundishwa. Ukiondoa kipande kimoja kwenda kukifua, alisimama ukingoni akikutazama kama mtu aliyekuta daraja limebomoka. Kucha zake nilizikata mapema zaidi kuliko zamani, na manyoya yaliyoota katikati ya vitanga vya nyayo niliyapunguza. Badala ya matembezi marefu mara moja kwa siku tulitembea mafupi mara tatu. Uzito nao tuliulinda bila huruma, jambo ambalo kwako ni muhimu hata zaidi, kwa kuwa miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa na sasa sehemu kubwa ya mzigo huo imeuangukia mmoja.

Tulikubali kemotherapi, yaani dawa za kuua chembe za saratani. Alipewa kaboplatini kwa njia ya mshipa mara 4, kila baada ya wiki 3. Kabla ya kila dozi damu ilipimwa, na dozi ya tatu iliahirishwa kwa wiki moja kwa sababu chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka mno. Alitapika siku moja tu, na manyoya hayakung'oka kama nilivyohofia. Siku chache baada ya kila dozi tuliambiwa tuvae glavu tunaposafisha mkojo na kinyesi chake, hasa kwa kuwa tuna watoto.

Nakumbuka sikio lake la kulia. Likimwasha, kile kipande cha paja kilichobaki kilikwenda mbio hewani kikijaribu kulikuna, naye amefumba macho akingojea raha isiyofika. Basi nilikuwa namkuna mimi, na kipande kile kikawa kinacheza kwa kufuata mkono wangu hadi nilipoacha. Mwanzoni nililia. Baadaye ikawa ndiyo saa yetu ya jioni.

Mtulivu

Mimi sikumpa kemotherapi, na ningependa hilo nalo lisikike, kwa sababu katika mazungumzo ya namna hii asiyetumia kila kitu huonekana kama aliyekata tamaa mapema.

Mbwa wangu wa kike alikuwa na miaka 11 na alichukia kliniki kupita kiasi. Njiani alitetemeka hadi meno yakagongana. Daktari aliniwekea hesabu wazi. Kwa kukata mguu peke yake, nusu ya mbwa hupita miezi 4 au 5 hivi. Ukiongeza kemotherapi, nusu yao hufika miezi 10 hadi 12, na takriban 1 kati ya 5 hufika miaka 2. Nilimtazama, nikapima safari zile zote za kuchomwa sindano na kutolewa damu, nikakata shauri. Aliishi miezi 5, na minne kati ya hiyo ilikuwa mizuri kweli. Angekuwa na miaka 6 na roho ya kupenda watu, pengine ningeamua vingine. Sijutii, wala simlaumu aliyefanya kinyume.

Jirani wa Popi

Naomba nichangie kutoka upande mwingine kidogo. Popi hakukatwa mguu, kwa sababu nyonga zake zote mbili zilikuwa zimechakaa na daktari wa upasuaji aliona hataweza kusimama kwa miguu 3. Alipigwa mionzi ya kupunguza maumivu na kudungwa dawa ya kuimarisha mfupa. Alipata nafuu ya kuonekana, na nafuu hiyo ndiyo iliyotuponza, maana mguu usiouma hukanyagwa kwa nguvu. Asubuhi moja alishuka ngazi 2 tu na mfupa ukavunjika palepale penye uvimbe. Sitasimulia sauti yake. Mfupa ulioliwa na saratani ukivunjika hauna matumaini ya kuunga kama mfupa mzima, na siku hiyohiyo tukampumzisha kwa sindano.

Nasema hivi kwa ajili ya wale watakaokuambia barabarani kwamba umemkatili mnyama kwa kumkata mguu. Watakuambia, uwe tayari. Ule mguu mliouondoa ndio uliokuwa unamtesa mchana na usiku, na ndio ambao ungeweza kuvunjika wakati wowote.

Baba Chui

Ndugu Mwenye Bosi, umeuliza kuhusu siku za katikati, nami nitajaribu kujibu hilo hasa.

Kwangu zilikuwa miezi 9. Miwili ya mwanzo niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa nikimhesabia Chui pumzi akiwa amelala, kwa sababu niliambiwa kwamba mbwa aliyetulia usingizini kwa kawaida hapumui zaidi ya mara 30 kwa dakika, na kwamba hesabu ikipanda siku kwa siku nipige simu. Ushauri ulikuwa mzuri. Ubaya ulikuwa kwangu. Nilihesabu saa tatu usiku, saa sita, saa tisa. Alikuwa akifumbua jicho moja na kunikuta nimemwinamia na saa mkononi, mpaka akaanza kuhamia chumba kingine kulala. Mke wangu ndiye aliyenyang'anya saa. Tukapatana: hesabu moja kwa siku, jioni, inaandikwa kwenye daftari, na daftari linafungwa. Picha ya kifua tulipiga kila baada ya miezi 2 au 3 kama tulivyopangiwa, na wiki ya kabla ya picha nilikuwa sisemeki, hilo sikufanikiwa kulitibu.

Kuhusu kikohozi, usikitegemee sana kama mlinzi. Saratani ya mapafuni inaweza kukua muda mrefu mbwa akiwa hakohoi kabisa, na pia mbwa hukohoa kwa sababu mia nyingine zisizo na uhusiano. Kwa Chui dalili ya kwanza ilionekana miguuni: ile mitatu iliyobaki ilivimba chini ya viungo, ikawa ya moto, akawa hataki kusimama. Nilidhani saratani imerudi kwenye mifupa. Daktari alipiga picha ya kifua badala ya miguu, na vinundu vikaonekana. Kumbe ugonjwa ulio kifuani huweza kuifanya miguu ivimbe hivyo.

Niseme na la mwisho wake, ingawa hukuliuliza. Tangu mapema tulikuwa tumeandika kwenye daftari lilelile mambo 3 ambayo Chui hakukosa kuyafanya: kuja mlangoni akisikia funguo, kumaliza chakula, na kubeba kiatu kimoja cha mtu yeyote aliyeingia. Tulikubaliana kwamba mawili yakikoma, hatutangoja la tatu. Chakula kilikoma kwanza, kisha kiatu. Mimi nikaomba wiki moja zaidi kwa sababu bado alikuwa akija mlangoni. Wiki ile alikuja mlangoni akijikokota, akifika analala hapohapo akihema, na nilijua kabisa kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu. Hilo ndilo jambo pekee katika miezi 9 ambalo ningelirudisha nyuma kama ningeweza.

Mwenye Bosi

Nawashukuru nyote, na poleni kwa kuwarudisha kwenye siku zile. Naandika nikiwa na habari za wiki tatu.

Bosi amepata dozi ya kwanza ya kaboplatini. Ndugu Mtulivu, maneno yako niliyapima kwa dhati, ila Bosi ni yule mbwa anayewatingishia mkia hata wanaomtoa damu, na hilo lilichangia uamuzi. Siku ya nne alikataa chakula cha asubuhi, jioni akala. Jana damu ilipimwa, chembe nyeupe ziko chini kidogo lakini si za kuahirisha dozi ijayo.

Mama Tomi, zulia limetandikwa, na yeye naye anasimama ukingoni pakikosekana kipande. Uzito umeshuka hadi kilo 41, ukitoa ule wa mguu, na daktari ameridhika nao. Usiku wa juzi alipiga ukelele ule uliousimulia, mmoja tu, akageuka kutazama bega lisilokuwepo. Kama singekuwa nimesoma maelezo yako ningempuuza. Leo asubuhi tumeanza gabapentini.

Baba Chui, daftari nimelinunua. Hesabu ya jana jioni ni 18, na nimelifunga. Yale mambo 3 bado sijayaandika, nitayaandika wikendi hii tukiwa wote nyumbani. La kwanza nalijua.

Juzi jioni niliketi sakafuni kama kawaida, naye akaja, akaketi mbele yangu, misuli ya ubavu wa kushoto ikaanza kucheza. Nilinyoosha mikono nimdake kabla hajaanguka. Hakuanguka. Alijisogeza matako kidogokidogo hadi bega la kulia likagusa ukuta, akauegemea, akatulia kama anayepima, kisha akanipa mguu wa kulia.