Mtoto wa kaka yangu katoka Palma, Msumbiji, anaogopa moshi. Nimsaidieje?

Shangazi wa Nanyamba: Habari zenu wanajamvi. Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 9. Palma ilipovamiwa Machi 2021 walikimbia, baadaye akaletwa kwangu. Kimakonde ni kilekile, marafiki anao. Shida ni moshi. Watu wakichoma majani kwenye mikorosho, anatetemeka na kukimbilia uvunguni. Usiku anapiga mayowe na kukojoa kitandani. Akicheza peke yake anajenga vibanda vya vijiti na kuvibomoa, kila siku hivyohivyo. Mama mkwe anataka aende jando likizo ya Juni apate ujasiri. Wengine wanasema tusimkumbushe kabisa.

Mzee wa Tandahimba: Mwanangu, vijana wa jando nimewalea miaka mingi. Mtoto anayeweweseka hivyo asitengwe na aliyemzoea. Mwakani jando litakuwepo.

Muuguzi Masasi: Pole sana dada. Niko kwenye afya ya akili. Dalili hizo zikipita mwezi, mtoto apimwe msongo unaofuata kiwewe. Akinusa moshi, mwili wake unaona hatari imerudi kabla hajafikiri lolote. Kaa naye, mwambie yuko kwa shangazi, ataje vitu anavyoviona. Kojozi asichapwe wala kuchekwa. Na majirani wakuambie kabla ya kuchoma, nawe umwandae.

Kumlazimisha asimulie, hapana. Kumnyamazisha, hapana pia. Akianza mwenyewe, msikilize.

Tiba ninayoiamini ni ya masimulizi. Kamba hutandazwa chini, ndiyo maisha yake tangu azaliwe: maua kwa mema, mawe kwa mabaya. Kikao kwa kikao, mtoto na mtaalamu hulipitia jiwe mojamoja, hadi tukio lipate mwanzo na mwisho wake. Kule Nakivale, Uganda, walifanyiwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, hata watoto wa Kisomali. Na baadhi ya watoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Ndiyo maana nakataa tukiambiwa haya ni ya nchi tajiri! Ila kamba hiyo usiijaribu nyumbani. Dawa za usingizi za dukani pia usimpe.

Muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, aombe rufaa ya afya ya akili hospitali ya mkoa. Simu ya watoto ni 116, bure.

Shangazi wa Nanyamba: Ahsante sana. Mwalimu aambiwe? Darasa lake liko jirani na jiko la uji.

Muuguzi Masasi: Aambiwe kesho. Akae karibu na mlango, na akizidiwa atoke bila kuomba ruhusa.