Kikundi: UKOO WETU (Safari ya Bibi)

05:38
Dada Mkubwa: Shikamooni. Tumeshaamka. Bibi amevaa viatu tangu saa tisa usiku, amekaa mlangoni.
Mama: Marahaba. Dawa zake zipo mkoba wa mkononi? Usiniambie umezitia kwenye sanduku.
Dada Mkubwa: Za mkononi mama, pamoja na tiketi na vitambulisho.
Baba: Nendeni stesheni sasa hivi.
Kaka: Baba, treni ni saa mbili na nusu.
Baba: Kwa hiyo?

08:34
Dada Mkubwa: Tumepanda!! Wametangaza kubadilisha jukwaa zikiwa zimebaki dakika 8. Ngazi juu, ngazi chini. Bibi ndiye alikuwa mbele.
Shemeji: Na mimi nyuma, na lile sanduku la kahawia. Naomba kuuliza kwa heshima zote, nani alipakia mawe?
Dada Mkubwa: Usiulize. Ni la Bibi.
Kaka: 😂😂 pole shemeji

10:12
Dada Mkubwa: Jamani, kumbe treni hii inakatwa
Mama: INAKATWA NA NINI?? Mko salama?
Dada Mkubwa: Mama, si ajali. Stesheni inayofuata inagawanywa. Mabehewa ya mbele yanaelekea tunakokwenda sisi, ya nyuma yanakwenda kwingine kabisa. Sisi tumekaa nyuma.
Baba: Tiketi haina namba ya behewa?
Dada Mkubwa: Inayo. Kwa zile mbio tuliingia mlango wa kwanza tuliouona, tukaona viti vitupu tukakaa.
Baba: Basi piteni ndani kwa ndani. Msishuke.
Shemeji: Haipitiki baba. Ni treni mbili zimeunganishwa, katikati vyumba vya madereva vimetazamana. Kondakta anasema tushuke ikisimama, tutembee jukwaani mpaka mbele. Inasimama dakika 6.
Mama: Ya Rabi. Shikeni watoto mikono.

10:47
Dada Mkubwa: Tuko mbele, tumekaa. Bibi alimng'ang'ania kondakta mkono, akamwambia treni haiondoki mpaka mjukuu wa mwisho apande.
Kaka: Ikasubiri?
Dada Mkubwa: Ilikuwa bado na dakika 2 zake. Ila msimwambie, anajua ni yeye aliyeizuia.

14:51
Dada Mkubwa: Tumefika kwenye nyumba tuliyokodi. Mwenyewe hayupo, ametuma namba 4 za kisanduku cha funguo. Hakifunguki.
Shangazi: Ukishapanga namba kuna kitufe kidogo cha kusukuma chini. Wengi hawakioni.
Dada Mkubwa: Nimesukuma hadi kidole kinauma
Shemeji: Tumeelewa. Visanduku viko vitatu ukutani. Tulikuwa tunahangaika na cha jirani 🙈

15:06
Shangazi: Mkiingia msifungue sanduku hata moja! Piga picha kwanza, kila chumba, kila doa, kila kilichopasuka, umtumie mwenye nyumba leo leo. Mimi nilikatwa amana kwa sababu ya meza ambayo ufa wake unanizidi umri.
Shangazi: Masanduku yakae bafuni kwenye vigae. Shemeji ainue shuka, aangalie mishono ya godoro na pembe zake. Vidoa vyeusi kama vya wino ni kunguni.
Shemeji: Nimeinua yote. Safi.
Dada Mkubwa: Kwenye picha vilikuwa vyumba vitatu. Cha tatu ni kochi lenye pazia.
Kaka: Chumba cha wageni hicho 😂
Dada Mkubwa: Maji ya moto hakuna, na friji limezimwa.
Shangazi: Swichi ya hita tafuta nje ya bafu, mara nyingi juu ya mlango. Washa, upe nusu saa hivi. Friji washa sasa hivi, litachukua saa kadhaa kupoa. Na kama nyumba ilikaa tupu, fungulia mabomba na dirisha, maji yapite dakika chache kabla mtu hajaoga.
Mama: Wifi, Mungu akuweke.
Dada Mkubwa: Wifi hapa haishiki mama, natumia bando langu.
Mama: Namshukuru shangazi yako!
Shangazi: Mimi nashika popote 😂

17:20
Baba: Mbona kimya?
Dada Mkubwa: Watoto wamelala kwenye kochi, wamelipenda kuliko vitanda. Bibi kachukua chumba chenye dirisha bila kuuliza mtu. Sasa nimeingia jikoni. Glasi 16, vifungulio vya chupa 3, sufuria hakuna. Hata moja.
Kaka: Sasa mtapikia nini? Glasi?
Shemeji: Subirini. Bibi amenyanyuka, anafungua sanduku la kahawia.
Shemeji: *[picha]*
Mama: Hizo si sufuria zangu?
Dada Mkubwa: Nne, na mifuniko yake, na mwiko.
Shemeji: Bibi, kuhusu yale mawe, naomba radhi mbele ya ukoo mzima.
Dada Mkubwa: Anasema radhi ameipokea, na wewe ndiye utakayelibeba wakati wa kurudi.